Wainwright: jina la fundi wa magari ya ng'ombe lililofika Urambo

Tarehe 18 Aprili 1874 jeneza la David Livingstone liliingizwa Westminster Abbey jijini London, na wanaume wanane wakalisindikiza hadi kaburini. Majina yao: Stanley, Kirk, Waller, Webb, Oswell, Young, Steele, Wainwright. Mtu wa Lancashire, kaskazini-magharibi mwa England, aliyeisoma orodha hiyo bila maelezo angedhani huyo wa mwisho ni wa kwao, pengine mtoto wa seremala wa kijiji cha jirani. Kumbe Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akaokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, akapelekwa India kusomeshwa. Mapema Mei 1873 ndiye aliyesoma maombi ya maziko katika kijiji cha Chitambo, ndani ya Zambia ya leo, moyo wa Livingstone ulipofukiwa chini ya mti.

Jina la fundi wa Kiingereza lilimfikiaje kijana wa Kiyao? Na baada ya kumfikia, linatuambia nini juu yake? Nimekishika kisa hiki kwa sababu majina ya Kiingereza yaliyotokana na kazi husomwa haraka mno. Tunaambiwa Smith babu yake alikuwa mhunzi, Baker babu yake alioka mikate, na mazungumzo yanaishia hapo. Wainwright hairuhusu mazungumzo yaishe upesi hivyo.

Kazi yenyewe

Jina hili limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia nchi mwaka 1066. La kwanza ni "wægn", gari zito la kukokotwa na ng'ombe, ambalo baadaye lilitamkwa "wain". La pili ni "wyrhta", mtu anayeunda kitu kwa mikono yake, kwa maana hiyo fundi; hilo ndilo lililozaa "wright". Wajerumani wana ndugu wa jina hili, Wagner. Wafaransa wana Charron. Popote palipokuwa na gurudumu, palikuwa na mtu aliyeitwa kwa gurudumu hilo.

Kijijini huyu hakuwa mtu wa kubezwa. Gari la ng'ombe lilipeleka samadi shambani na kurudisha mavuno, likavuta mawe ya kujengea kanisa na magogo ya kuezekea ghala. Gurudumu lake peke yake ni elimu nzima. Kitovu cha gurudumu kinataka mti ambao nyuzi zake zimesokotana, usipasuke hata ukitobolewa matundu pande zote. Spoku zinataka mwaloni uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, ili ubebe uzito bila kukatika. Ukingo wa nje unataka mti unaovumilia mishtuko ya njia mbovu. Mbao zenyewe zilikaushwa kwa miaka kabla ya kuguswa, kwa hiyo fundi mara nyingi alifanyia kazi mti ulioangushwa na baba yake. Alipomaliza yeye, kazi ilimwendea mhunzi, aliyefunga chuma kuzunguka ukingo. Mkumbuke mhunzi huyo, atarudi.

Mwanzoni Wainwright halikuwa jina la ukoo hata kidogo. Fungua simu yako utazame ulivyohifadhi watu: Musa Fundi Bomba, Mama Asha Vitenge, Juma Bodaboda. Hakuna anayeitwa hivyo kwenye kitambulisho chake. Ni alama tu, ya kumtenga Musa huyu na akina Musa wengine unaowajua. England ya karne ya 12 na ya 13 ilikuwa na shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa maana baada ya Wanormani kushika nchi wanaume wengi waligawana majina machache: John, William, Robert, Richard, Thomas. Karani wa mahakama au wa kodi aliyekuwa na akina John saba katika kijiji kimoja hakuwa na budi kuongeza neno: wa mtoni, mwana wa Robert, mrefu, mwoka mikate, fundi wa magari.

Katika hati za ardhi za Essex za mwaka 1237 yumo mtu aliyeandikwa Ailmar Wanwrecthe. Tahajia ilikuwa bado haijatulia, kila karani aliandika alivyosikia. Mtu huyo naamini aliamka asubuhi akaenda kuchonga spoku. Siku zile neno lilikuwa bado linamfuata mtu na kazi yake. Akifa, neno lingeweza kufa naye, na mwanawe akaitwa kwa jingine.

Kazi kila mahali, jina mahali pamoja

Sasa tazama jambo la kushangaza. Essex iko kusini-mashariki mwa England. Lakini ukitafuta koo za akina Wainwright katika karne zilizofuata, utawakuta hasa kaskazini-magharibi: Lancashire, Cheshire, na magharibi mwa Yorkshire. Alfred Wainwright, ambaye vitabu vyake vya mwongozo wa vilima vya Lake District viliandikwa kwa mwandiko wa mkono wake na kuchorwa naye mwenyewe, alizaliwa Blackburn, Lancashire, mwaka 1907, katikati kabisa ya eneo hilo. Magari ya ng'ombe hayakuwa Lancashire tu. Jina limebanwaje upande mmoja?

Jibu ni kwamba kazi moja ilikuwa na maneno mengi yaliyoshindana. Kusini, mtengeneza magurudumu aliitwa zaidi Wheeler, na jina hilo ndilo lililojaa Berkshire na Hampshire. Mikoa ya kati ilimpenda Cartwright, fundi wa gari jepesi. Kisha kuna mkono wa Wanormani: walileta Carpenter, neno la Kifaransa, na sehemu za kusini likalisukuma pembeni lile neno la kale "wright". Kaskazini Kifaransa hakikuzama sana hivyo katika midomo ya watu wa kawaida, na "wright" ikabaki na nguvu zake, iwe peke yake au ikiwa imeunganishwa na chombo kinachoundwa.

Jambo la pili ni wakati. Kusini majina yaliganda mapema, na kufikia katikati ya karne ya 14 watu wengi huko walikuwa na jina la kurithi. Kaskazini yalichelewa, baadhi ya familia hata hadi karne ya 15. Kila eneo liligandisha maneno yaliyokuwa mdomoni mwake siku jina lilipoganda. Ndiyo maana ramani ya majina haya naisoma kama ramani ya lahaja zilizokufa, kuliko ramani ya karakana. Ailmar wa Essex alikuwa na kazi ile ile na akaitwa kwa neno lile lile, lakini neno lenyewe halikupata mizizi pale.

Unaweza karibu kuiona siku ya kuganda. Mwaka 1379 serikali ya mfalme ilitoza kodi ya kichwa, na orodha za sehemu ya magharibi ya Yorkshire zimehifadhiwa, nyingi zikitaja kazi za mafundi pembeni ya majina yao. Humo wamo watu ambao jina na kazi bado ni kitu kimoja, na wamo wengine wenye jina la kazi hii wakitozwa kwa kazi ile. Hao wa pili ndio mwanzo wa jina la ukoo. Siku jina la fundi linapobebwa na mtoto asiyeshika randa wala tezo, limekwisha kuacha kusema habari za kazi. Linasema habari za baba.

Hata hilo la baba linataka uangalifu. Kila wilaya ilikuwa na fundi wake wa magari, na kila mmoja angeweza kuanzisha ukoo wake bila uhusiano na wengine. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha utafiti wa kromosomu Y, ile inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana kama jina linavyotoka. Wanaume wenye jina adimu mara nyingi walionekana kuwa na babu mmoja. Wenye jina Smith walitofautiana kama watu wowote uliokutana nao barabarani. Kwa hiyo tangu England kwenyewe, kabla hatujavuka bahari yoyote, jina la kazi lilikuwa ushahidi wa mahali na wakati fulani. Ushahidi wa damu lilikuwa mara chache, na la kazi ya mwenye nalo leo, kwa nadra sana.

Nasik

Katika karne ya 19 meli za kivita za Uingereza zilifanya doria Bahari ya Hindi zikikamata majahazi yenye watumwa. Waliokombolewa hawakurudishwa makwao. Wengi walishushwa Aden, Bombay, Shelisheli, popote palipokuwa na bendera ya Kiingereza. Shirika la wamishenari wa Kianglikana, CMS, lilikuwa na kituo Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ndani kutoka Bombay, ambako watoto wa Kiafrika walifundishwa dini, kusoma na kuandika Kiingereza, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Huko ndiko alikokulia Jacob.

Huko pia ndiko walikopewa majina. Mwaka 1872, kundi la vijana wa Nasik lilipochukuliwa kwenda kumsaidia Livingstone bara, walikuwamo Matthew Wellington, Richard na Benjamin Rutton, Carras Farrar, na John na Jacob Wainwright. Wayao, Wanyasa na watu wa makabila mengine ya bara, wengi wao wamevikwa majina ya England. La Farrar si gumu kulifuata: Charles Farrar alikuwa mmishenari wa CMS aliyefanya kazi Nasik. Na Farrar ni nini? Ni neno la Kifaransa cha kale lililotokana na chuma, jina la mfua vyuma, ambalo liliota mizizi magharibi mwa Yorkshire. Ndiye yule mhunzi niliyeomba akumbukwe. Fundi wa magari na mhunzi aliyemfungia chuma gurudumuni, waliokuwa majirani uani England ya kale, walikutana tena Nasik, mmoja Jacob, mmoja Carras, na hakuna kati yao aliyerithi jina lile kwa baba.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Ailmar wa Essex alilipata jina kwa mikono yake. Alfred wa Blackburn alilipata kwa baba yake. Jacob alilipata kwa kalamu ya mtu mwingine, wakati wa ubatizo. Njia hizo tatu zote huishia kwenye herufi zile zile, na daftari haliwezi kuzitofautisha. Sidhani waliompa jina walimkusudia baya. Kwao lilikuwa tendo la kumwingiza mtoto katika jamaa ya waumini. Lakini jina kwa mtoto ni njia ya kupatikana. Shangazi akipita huku na huko akiuliza, huuliza kwa jina. Mtoto aliyekwisha kunyang'anywa nyumba yake alivikwa jina ambalo hakuna shangazi yeyote ng'ambo ya Ziwa Nyasa angeweza kulitamka, sembuse kulitafuta. Hilo linaniuma kila ninapolisoma.

Jambo kama hilo lilitokea kwa kiwango kikubwa zaidi Marekani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, bila majina yao wenyewe. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika waliowekwa huru kila mmoja na jina lake la ukoo. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani, wengine la bwana wa mababu zao, wengine walichagua la kwao. Majina ya mafundi wa Kiingereza yamejaa mle, na anayeyasoma kwa kamusi ya majina tu, atawapachika mababu wa Yorkshire watu ambao mababu zao walitoka Angola au Senegambia.

Msafara usio na gurudumu

Vijana wa Nasik walipitia Bagamoyo wakamfikia Livingstone Unyanyembe, karibu na Tabora, Agosti 1872. Miezi tisa baadaye alikuwa amekufa. Watu wake walikubaliana kumrudisha kwao. Walizika moyo na matumbo, wakaukausha mwili juani, Carras Farrar akiwa mmoja wa walioifanya kazi hiyo, wakaufunga kwa nguo ya pamba na magome ya mti, kisha wakautundika kwenye mti wa kubebea. Jacob alichonga kwenye shina la mti pale kaburini jina la marehemu na tarehe. Halafu wakautwaa mzigo ule mabegani na kutembea, wakiongozwa na watumishi wa Livingstone wa siku nyingi, Susi na Chuma, kwa miezi mingi, zaidi ya kilomita 1,500, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Baadhi yao walifia njiani.

Kwa nini mabegani? Kwa sababu ya mbung'o. Katika sehemu kubwa ya nchi ile ng'ombe wa kukokota asingeishi, na palipokosekana ng'ombe hapakuwa na gari, na palipokosekana gari hapakuwa na fundi wake. Kila kitu, pembe za ndovu, nguo, shanga, mgonjwa, maiti, kilisafiri kwa kichwa na bega la mpagazi. Walioshuku walijionea. Mwaka 1876 Roger Price wa shirika la London Missionary Society alijaribu njia ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa na akarudi na matumaini. Mwaka uliofuata shirika lilipeleka magari kabisa, na ng'ombe wakafa wengi kiasi kwamba mpango ukavunjika. Wakarudi kwa wapagazi. Jina la fundi wa magari lilikwisha kufika ndani ya Afrika ya Mashariki kwa miguu, likitangulia gari lenyewe.

Basi kazi halisi ya Jacob ilikuwa ipi? Kalamu. Yeye ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu, yeye ndiye aliyesoma maombi kwa Kiingereza, na yeye ndiye aliyeandika shajara ya safari ile tangu Mei 1873. Shajara hiyo ilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1874 katika jarida la jiografia la Petermann, na nakala ya Kiingereza ya mkono wake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Livingstone, Blantyre, Uskoti. Ni maandishi ya Mwafrika aliyekuwapo, yaliyoandikwa siku zile zile. Laiti karani wa Essex wa mwaka 1237 angekutana naye, asingemwita Wainwright. Angemwandika kwa neno la watu wa kalamu, Clerk, ambalo leo Waingereza hulitamka na kuliandika Clark.

Wale wanane, kwa mara ya pili

Rudi sasa kwenye orodha ya Westminster. William Webb alikuwa mwenye shamba kubwa na jumba la Newstead Abbey. Webb maana yake mfumaji. Hakuna aliyeshangaa kwamba tajiri yule hakuwa na kitanda cha kufumia, kwa sababu wote walijua jina limemjia kwa baba, na baba kwa babu, kutoka kwa mtu aliyesahaulika. Stanley naye? Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Jina Stanley alijitwalia mwenyewe Marekani. Kwa hiyo kati ya wanane walau wawili walibeba majina yasiyotoka kwa baba zao, mmoja kwa kuchagua, mmoja kwa kuchaguliwa. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiona kubwa katika kisa hiki kizima, kubwa kuliko tofauti ya rangi ambayo watazamaji wa siku ile waliitolea macho.

Naongeza jambo moja kuhusu jiwe la kaburi lile, kwa sababu wageni wengi hulisoma. Linasema Livingstone aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono imetajwa, majina hayakutajwa, hata yale ya Kiingereza ambayo wenyewe waliyatoa.

Jacob alirudi Afrika. Mwaka 1875 CMS ilianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, makao ya waliokombolewa na ya wenzao waliorudi kutoka India. Mtaa wa Kengeleni unaitwa hivyo mpaka leo kwa kengele yao. Matthew Wellington aliishi Mombasa hadi mwaka 1935, mzee sana, akihojiwa na wageni juu ya safari ile. Jacob alielekea bara tena. Maisha yake yaliishia Urambo, magharibi ya Tabora, kwenye kituo cha London Missionary Society, wale wale waliopoteza ng'ombe wao njiani miaka kumi na tano kabla. Alifariki Aprili 1892. Mizigo ya kituo ilikuwa bado inaletwa na wapagazi kutoka pwani. Magurudumu yalifika Tabora mwaka 1912, yakiwa ya treni.